Jicho Langu na Wataalamu Wake

Kibondo hakuna mtu anayeumwa peke yake. Ukikohoa asubuhi, mchana sebule imejaa watu wanaokueleza kwamba hukohoi vizuri. Na mimi ndiye wa mwisho mwenye haki ya kulalamika, kwa sababu nimekuwa afisa maendeleo ya jamii katika milima hii tangu Kakonko haijawa wilaya, na kazi yangu yote imekuwa kuwaambia watu wakusanyike. Kikundi cha akina mama Kumsenga, kikundi cha vijana Gwarama, kikundi cha nyuki Nyabibuye, vikoba, vikao, mshikamano. Nimehubiri mshikamano hadi kwa watu waliokuwa wamejikalia kimya na mambo yao.

Kwa hiyo daktari wa Mwanza aliponiambia, baada ya kunikata titi la kushoto, kwamba kwa miezi yote ya dripu nijitenge na mikusanyiko, nilicheka hadi nesi akanishika bega. Walidhani habari za kansa zimenipanda kichwani. Wakaniletea maji, nikanywa, nikawaahidi nitajitahidi.

Dripu zenyewe wenzangu wa ofisini waliziita mionzi, na mpaka leo wanaziita mionzi, ingawa niliwaeleza kwamba mionzi ni kitu kingine kabisa. Ni dawa tu inayoingia mshipani. Moja ni nyekundu kama juisi ya rozela, na ukishatundikiwa unakojoa rangi hiyo hiyo. Inaua kansa lakini haichagui: nywele zinaondoka, chakula kinakuwa na ladha ya sarafu, na zile chembe za damu zinazopigana na magonjwa zinapungua mpaka mwili unabaki mlango wazi. Nesi aliniambia, "Mafua ya mwenzio, kwako wewe ni kulazwa. Ukipata homa, usisubiri, njoo." Homa niliielewa. Macho hakuna aliyeyataja.

Na habari yenyewe ni ya macho. Jicho langu la kushoto liliharibiwa na surua nikiwa mtoto huko Same. Linaona mwanga na linajua kama mtu amepita, basi. Kila nilichowahi kusoma, kuandika, kushona au kumkodolea mtu, nilikifanya kwa jicho la kulia. Kansa ilipokuja niliiambia kabisa, nimelala pale wodini: chukua titi, chukua nywele, chukua na kucha kama unazitaka, lakini jicho hili niachie. Nilidhani tumekubaliana.

Sasa, huku Buha, kwa Waha, kusalimiana si jambo la kupita. "Mwakeye" haisemwi kwa mbali kama unaita bodaboda. Mtu anakushika mkono, anaushika na wa pili, anakuulizia wa nyumbani mmoja mmoja, na mikono yako anakaa nayo hadi habari ziishe. Usipompa mtu mkono, basi una neno naye, au umemroga, au unahofia atakuroga, na yote matatu yana kikao chake. Nilipoanza kusalimia kwa kichwa nikiwa nyuma ya wavu wa dirisha, mtaa ulitoa hukumu haraka sana. Waliniona nina kipara, nimekonda, kifua kimebonyea upande mmoja, lakini kilichowauma ni kwamba madamu ameanza kuringa. Niliambiwa hivyo na mtu aliyekuja dirishani kunionya kwa nia njema.

Aliyeruhusiwa kuingia ndani alikuwa mmoja, jirani yangu. Alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, siku hizi ni Mtanzania mwenye kitambulisho na meza ya maharage sokoni. Yeye alinawa mikono bila kuambiwa mara ya pili. Alinipikia uji wa ulezi, akanishika kiuno kunipeleka bafuni siku ambazo miguu ilikataa, akafua mashuka niliyoyatapikia bila kukunja uso. Mwanangu yuko Dodoma na kazi yake, marehemu baba yake yuko kaburini, kwa hiyo wa kumgombeza nilikuwa naye huyo tu, nami nilimgombeza vya kutosha. Alinijibu "Egome, jirani," ndiyo yao hiyo, halafu akafanya anavyotaka.

Ofisini wakaitisha kikao. Tuna kamati ya maafa, ambayo kazi yake ni kununua mchele watu wakifiwa, nayo ikajadili kama mimi ni maafa tayari au bado. Nasikia hoja ilivuta muda. Mwisho wakaona ni aibu kwa ofisi mtumishi kuumwa bila kutembelewa, wakapanda gari wote walioweza kuenea humo, wakaja. Ulikuwa msimu ule wa macho mekundu, nchi nzima inajifikicha. Wakashuka mmoja mmoja, macho yameiva, utadhani wametoka kunizika. Jirani yangu akawafungulia mlango, maana kumwacha mgeni juani kwao ni dhambi. Niliwaambia kwamba kwa maelekezo ya daktari sipeani mikono, nao wakaelewa sana. Hawakunipa mkono. Walinikumbatia, mmoja baada ya mwingine, kisha wakaketi.

Mkuu wa idara yangu alinieleza kwamba kansa inaletwa na msongo wa mawazo, kwa hiyo nijitahidi kutokuwa na msongo, kisha akaniuliza taarifa ya robo mwaka nitaimaliza lini. Mhasibu akanihadithia shangazi yake aliyekuwa na ugonjwa huu huu, titi hili hili, hata kipara cha hivi hivi. Nikauliza anaendeleaje. "Ah, yule tulishazika," akasema, akajimiminia chai. Wakaomba dua. Waislamu wakasema amina, Wakristo wakasema amina, wote wakajipangusa macho kwa viganja na kuniaga kwa viganja vile vile. Nilibaki nimekaa nikinusa manukato ya watu mbalimbali kwenye khanga yangu.

Siku chache baadaye jicho la kulia likaanza kuwasha. Likawa jekundu, likatoa machozi, likachukia mwanga. Sikuhitaji mtu wa kuniambia limetoka wapi. Sisi Wapare tunasemwa kwamba tunapenda kesi, na ni kweli tunazipenda. Nilijilaza na kitambaa usoni nikipanga mashahidi, huku nina washtakiwa gari zima, na nikaona kabisa mkuu wa idara akijiuma ulimi kizimbani. Ilinipunguzia maumivu.

Nikaweka picha ya jicho kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ili wajionee walichofanya. Kosa kubwa! Nilitaka aibu, wakaniletea tiba. Maji ya chumvi. Chai ya rangi iliyopoa. Majani ya mpapai, ila yawe machanga. Mtu wa manunuzi akasema aloevera, mtu wa kompyuta akasema hiyo ni ya ngozi, wakagombana pale pale chini ya picha yangu mpaka wa tatu akapendekeza tupige kura. Karani wetu, aliyekuwa ametoka likizo ya uzazi, akaniandikia faragha: maziwa ya mama, matone mawili asubuhi, yeye yuko radhi kuja kunikamulia mwenyewe. Ni binti mwenye roho nzuri sana. Nikamfikiria amesimama juu yangu anakamua, na mimi chini nina titi moja, nikashindwa hata kukasirika. Nikamshukuru, nikamwambia amnyonyeshe mtoto.

Jambo moja walikubaliana wote: ni macho mekundu tu, yanapona yenyewe, yao si yamepona? Nami nikakubali, nisiseme uongo. Mji mzima ukiwa na macho mekundu, nani atauliza wekundu wako wewe ni wa nini? Yeyote ambaye angeniuliza ningemwona anatafuta makuu.

Dawa ililetwa na jirani yangu. Kalikuwa kachupa kadogo kalikozunguka soko lote la maharage. Aliyekanunua alijitia, akampa wa meza ya pili, wa pili akampa wa tatu, na kila aliyejitia aliamka jicho jeupe. Huku kilichokuponya hukifungii kabatini. Ukimwona mwenzio ana shida kama uliyokuwa nayo unampelekea, na kutompelekea ni ubaya wa waziwazi. Jirani yangu alikuwa amekasubiria zamu kwa ajili yangu, maana yeye mwenyewe hakuwa anaumwa. Alikafunga kwenye ncha ya kitenge chake kama fedha. "Laza kichwa, jirani." Nikalaza. Akanifungua kope kwa vidole vilivyonuka sabuni, akadondosha, akanipuliza kidogo kama anavyopulizwa mtoto aliyeanguka. Mtu kama huyo utamkatalia vipi?

Asubuhi jicho lilikuwa jeupe pee. Nikalipiga picha, nikaituma kwenye kundi. Wakapongezana weee, makofi, maua, na mkuu wa idara akaandika, "Hongera kwa timu nzima." Hata waliotaka mpapai walijisikia wameshinda. Jirani yangu nilimwonyesha, naye akasema Mungu ni mkubwa na akarudi kwenye uji wake.

Akaendelea kunitia, asubuhi na jioni, kwa uaminifu kuliko nilivyomeza vidonge vyangu vya kichefuchefu. Jicho halikuuma. Liliacha hata kuwasha. Ila kulikuwa na ukungu. Nikasema ni dripu, kwa sababu wakati ule kila kitu kilikuwa dripu: ukisahau jina la mtu, dripu, ukilia bila kuulizwa, dripu. Ukungu ukakaa, ukanenepa. Watu walikuja dirishani wakaniambia, "Aisee madamu, jicho limepona kabisa!" nami nikageukia kule sauti ilikotoka na kuwashukuru.

Ikafika asubuhi moja tukawa tumekaa barazani, mimi na jirani, tunachambua maharage yake ya sokoni. Nilijiona bingwa, mikono inakwenda yenyewe. Mara yeye akaingiza mkono kwenye ungo wangu, akatoa jiwe, akatoa lingine, akatoa donge la udongo.

"Jirani, unaacha mawe."

"Si ndiyo unayowauzia watu kila siku?"

Akanyoosha mkono mbele ya uso wangu. "Nimeshika nini?"

Nikamwambia hajashika kitu, aache mchezo.

"Yampayinka!" alipiga ukelele wa kwao, ule unaotoka mtu akiona nyoka. Alikuwa ameshika kisu.

Kesho yake alifunga meza yake akanipeleka Kasulu, ambako siku hizo kulikuwa na kliniki ya macho. Njia nzima alinishika mkono, nami njia nzima nikawa nafunika jicho la kulia, nafunua, nafunika, nijue kimebaki kiasi gani. Vilima vilikuwepo kwa rangi tu. Nilimwambia Mungu mambo ambayo sikuwa nimemwambia hata siku ya kukatwa titi.

Daktari alikuwa mpole wa mikono, mdomo hapana. Alisokota pamba hadi ikawa na ncha kama uzi. "Unasikia?" Nikamuuliza nisikie nini wakati hajanigusa. Kumbe alikuwa ameshanigusa, katikati kabisa ya jicho, pale ambapo mtu mwenye jicho zima angeruka na kiti. Akanitia rangi ya manjano, akawasha taa ya bluu, akachungulia, kisha akamwita mwenzake naye achungulie. Daktari akimwita mwenzake aje kuona kitu chako, ujue umeshakuwa somo.

Akaniuliza kama huwa napata vile vipele vya mdomoni vinavyokuja na homa. Tangu mtoto, nikasema, nani hapati? Akasema basi ni kirusi hicho hicho. Kinaingia utotoni, kinajificha kwenye neva, kinakaa miaka kimya. Dripu zilipopunguza kinga, kikatoka, na kilitokea jichoni. Hakuna mgeni aliyekileta. Jamani! Nilikuwa nimebeba kesi ya gari zima la watumishi wa serikali kutoka Kibondo hadi Kasulu, kumbe mhalifu nilihama naye kutoka Same.

Hapo jirani yangu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu, akafungua ncha ya kitenge. Akaweka kachupa mezani kwa mikono miwili. "Hii ndiyo ilimsaidia, dokta. Jicho likawa jeupe."

Daktari akasoma maandishi, akakageuza, akasoma tena. Akaeleza, na alieleza vizuri. Dawa ile inaondoa wekundu, lakini wekundu ni mwili unaopigana. Wale wa sokoni walikuwa na ugonjwa wa kupita, na miili yao ilikuwa na nguvu ya kumalizia kazi, ingawa nao walibahatisha. Mimi nilibakiwa na kinga kiduchu, na matone yakaizima hiyo hiyo kiduchu, kirusi kikala kioo cha jicho kwa raha zake. Angeishia hapo. Lakini hakuishia hapo, akamtazama jirani yangu akasema, "Mama, matone haya ndiyo yamemla jicho. Nani alikuwa anamtia?"

"Ni mimi," akasema.

Tukapanda gari kurudi Kibondo. Alikaa kiti cha pembeni yangu, amepakata mkoba, na mkono hakunishika.

Nilipewa mafuta ya kupaka ndani ya jicho, ya kuua kirusi, na vidonge juu yake. Daktari wa jicho akampigia simu daktari wa kansa, wakanijadili kama shamba lenye mgogoro wa mpaka. Huyu anataka dripu isubiri jicho lipumue, yule anauliza isubiri hadi lini. Naandika kwa maringo, lakini niliogopa. Siku bila dripu niliona kansa inapiga hodi, na siku ya dripu niliona giza. Mwisho dripu ikasogezwa mbele, nami nikakaa ndani nikipaka mafuta na kuwaza.

Jirani yangu hakuja tena. Uji ulikuja. Nikifungua mlango nakuta chupa ya chai kizingitini, uji ndani yake wa moto, na mtu hayupo. Nilimkasirikia, tena sana. Nilikuwa nakunywa uji wake huku namlaani, namaliza, naisuuza chupa, naiweka nje. Kwanza nilimkasirikia kwa matone, baadaye nikamkasirikia kwa kutokuja, na hasira ya pili ndiyo iliyonikosesha raha.

Kidonda kilifunga. Daktari wa macho wa Mwanza, nilikopelekwa dripu ziliporudi, alisema nishukuru halikutoboka. Kovu limebaki katikati, jeupe, pale pale ninapotazamia. Kuna watu hubadilishiwa kioo cha jicho, akasema, lakini si katikati ya dripu, na si mtu ambaye kirusi bado kinaishi naye, tutaona baadaye. Nikamuuliza baadaye ni lini. Akasema baadaye. Dripu zikaendelea mpaka zikaisha, kansa ikanyamaza, watu wakanipongeza, nami nikarudi Kibondo nimeshikwa mkono na kondakta.

Ofisi haikukosa wazo. Mkuu wa idara alikuja mwenyewe dirishani, safari hii macho meupe. Yameandaliwa mafunzo ya jamii kuhusu kujitibu kiholela, bango limeshachorwa, lina picha ya jicho. Mimi nitatoa ushuhuda, na jirani yangu ataletwa mbele kama mfano hai ili akina mama wa sokoni wajifunze. Akasema tayari sokoni wanamwita Aliyempofusha Madamu, wateja wanairuka meza yake, na hata wale waliojitia kachupa kale kale wamehamia upande wa pili. Alilisema kwa furaha, kama mtu anayeona mradi umeanza kuleta matokeo. Nikamuuliza kama yeye, aliyenikumbatia na macho yanachuruzika, naye atakuwa mfano hai. Akasema hapana, yeye atafungua mafunzo. Nikafunga dirisha, na nilitamani lingekuwa zito zaidi.

Nikavaa viatu. Nilikuwa na maneno ya kumwambia yule mwanamke, niliyapanga tangu Kasulu, na Mpare akipanga maneno huyapanga kwa vifungu. Nikatoka nikipapasa ukuta, nikafuata uzio hadi uani kwake. Zilikuwa saa za soko, naye yupo nyumbani, anafua. Nilisikia maji, kisha maji yakanyamaza. Hakunikaribisha. Nikafungua mdomo nianze kifungu cha kwanza, akaniwahi, kwa kasauti ambako sikukajua kuwa anako.

"Jirani, unaniona?"

Niliona kitenge cha bluu na kitu cheupe chini yake, nadhani povu. Juu, mahali pa uso, hapakuwa na kitu. Sikujua analia au ananitazama tu. Vile vifungu vyangu vyote sikujua vimekwenda wapi.

"Nakuona vizuri," nikamwambia. "Umenenepa wewe. Kumbe uji wangu unaukatia njiani!"

Alikuja, akauchukua mkono wangu kwa vidole vilivyolowa, akauweka begani kwake, na chini ya kitenge nikakuta mfupa mtupu.